Programu ya mauzo na stoku baada ya sasisho: kazi nzuri, kisakinishi cha hasara

Naipa nyota tatu kati ya tano, na mbili nilizokata zote ni za kisakinishi. Programu yenyewe ikishakaa kwenye kompyuta sina ugomvi nayo. Inauza kwa dola na kwa franka kwenye faktire moja, inabadilisha kiwango cha siku bila kugusa mauzo ya jana, TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16% inaitoa mahali pake, na printa ndogo ya karatasi ya milimita 80 inaitii. Kwa depo au duka la dawa hapa Lubumbashi inatosha kabisa. Balaa huanza siku kidirisha cha "sasisho jipya lipo" kinapochomoza. Jina la programu silitaji. Walio nayo wataitambua kwa kosa namba 1609.

Mara nyingi lakini skrini haikuonyeshi 1609, inakuonyesha 1603. Namba hiyo haina habari ndani yake: ni jibu la jumla la Windows Installer, sehemu ya Windows inayoingiza programu, kwamba kazi imekwama. Ukiitafuta kwenye intaneti utapewa dawa za kila aina, zima antivairasi, safisha diski, weka Windows upya, na mega zako zitaishia hapo. Sababu ya kweli iko kwenye logi, faili inayoandika kila hatua ya usakinishaji, na kisakinishi hiki hakiandiki logi mpaka ukiamrishe. Sasisho linakuja kama faili ya .exe. Ifungue, iache kwenye dirisha la kwanza bila kubonyeza chochote, nenda kwenye folda ya %TEMP% (ya faili za muda), utakuta .msi, kifurushi chenyewe cha Windows Installer, imefunguliwa humo. Ikopi kwenda C:\Temp, kisha funga dirisha lile. Baada ya hapo fungua dirisha la amri (cmd) kama msimamizi, uandike:

msiexec /i "C:\Temp\sasisho.msi" /L*v "C:\Temp\logi.txt"

Kwenye kibodi ya AZERTY ya Kifaransa alama ya \ ni AltGr pamoja na 8.

Logi inayotoka ni ndefu sana, usiisome kuanzia juu. Kama Windows yako ni ya Kifaransa tafuta "Valeur renvoyée 3". Kama ni ya Kiingereza tafuta "Return value 3". Simama kwenye ile ya kwanza kutoka juu, halafu panda mistari kumi hadi ishirini. Kosa lenyewe liko hapo. Yote yanayoandikwa chini yake ni matokeo tu, na ndiyo yanayowapotosha mafundi wengi, kwa sababu wanaanza kusoma mwisho wa faili. Kumbuka pia 3010 siyo kosa: maana yake kazi imekwisha, washa upya.

Kwenye toleo hili mistari ile inasema 1609, yaani kwamba "Users" si mtumiaji wala kundi halali. Hapa ndipo ilipo hasira yangu. Windows iliyosakinishwa kwa Kiingereza ina makundi ya ndani yanayoitwa Users, Administrators na Everyone. Iliyosakinishwa kwa Kifaransa inayaita Utilisateurs, Administrateurs na Tout le monde. Majina hayo yanawekwa siku Windows inapoingia kwenye diski. Kugeuza lugha ya menyu baadaye hakuyagusi. Ndiyo maana katika duka moja, mashine iliyopitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka Afrika Kusini inapokea sasisho bila neno, hata kama menyu zake sasa ni za Kifaransa, na ile iliyotoka Ubelgiji inakataa kila mara. Mwenye duka anaambiwa mashine ya Ubelgiji imechoka. Haijachoka. Aliyeandika kisakinishi aliita kundi kwa jina, wakati kundi hilo lina kitambulisho kisichobadilika kwa lugha yoyote: S-1-5-32-545. Everyone nayo ni S-1-1-0. Upande wao ni marekebisho ya mstari mmoja.

Toleo la zamani halikuwa na tatizo hili kwa sababu halikugusa ruhusa za folda. Jipya linahamisha hifadhidata kwenda C:\ProgramData, halafu linataka kuwapa watumiaji wa kawaida haki ya kuandika humo. Wazo ni zuri, keshia hapaswi kufanya kazi kwa akaunti ya msimamizi. Ila kwenye Windows ya Kifaransa haki hiyo inakabidhiwa kundi ambalo halipo.

Njia ya kupita ipo. Andika kwanza net localgroup peke yake. Ukiona Utilisateurs kwenye orodha na huoni Users, tatizo ndilo hilo. Basi tengeneza kundi la bandia:

net localgroup Users /add

Endesha sasisho, litapita. Usimwite keshia bado. Ruhusa zimeenda kwa kundi la bandia lisilo na mtu ndani, kwa hiyo programu itafunguka vizuri kwako msimamizi, na kwake itasema hifadhidata ni ya kusoma tu. Wape haki watumiaji wa kweli:

icacls "C:\ProgramData\JinaLaProgramu" /grant *S-1-5-32-545:(OI)(CI)M /T

Kinyota kabla ya S kinaiambia amri kwamba hiki ni kitambulisho, siyo jina. (OI)(CI) zinafanya faili mpya na folda mpya zirithi ruhusa, M ni haki ya kurekebisha, /T inashuka hadi kwenye faili zilizomo tayari. Tumia dirisha la amri la kawaida. PowerShell, lile dirisha jingine la amri la Windows, inayasoma mabano yale kwa namna yake na itakurudishia kosa. Mwisho futa kundi la bandia kwa net localgroup Users /delete. Sasisho lijalo itabidi urudie yote, isipokuwa wakijirekebisha.

Ukishavuka hapo kuna mtego wa pili, wa nukta na mkato. Kisakinishi kinaendesha skripti ya kubadilisha majedwali ya hifadhidata, na skripti inaandika kiwango cha TVA kwa kufuata mtindo wa namba wa kompyuta. Kwa mtindo wa Kifaransa 0.16 inakuwa 0,16. Ndani ya amri ya SQL, lugha ya hifadhidata, mkato unatenganisha thamani, kwa hiyo safu mbili zinapewa thamani tatu, na skripti inakufa. Kwenye logi utaona VALUES (1, 0,16) mbele ya macho yako, na juu ya skrini, bila shaka, 1603.

Hapa wengi wanabadilisha mtindo wa namba, wanajaribu tena, inakataa vilevile. Sababu ni kwamba sehemu hiyo ya kisakinishi haiendeshwi kwa akaunti yako, inaendeshwa kwa akaunti ya mfumo, yenye mtindo wake. Fungua intl.cpl, ingia "Paramètres supplémentaires", weka nukta kwenye "Symbole décimal", bonyeza "Appliquer". Halafu nenda kwenye kichupo cha "Administration", bonyeza "Copier les paramètres", weka alama kwenye "Écran d'accueil et comptes système". Washa upya ndipo usakinishe. Sasisho likishaingia rudisha mkato kwa njia ileile, la sivyo faili zako za Excel zitaanza kusoma bei vibaya.

Mtego wa tatu ni mdogo lakini mjini hapa unakamata wengi: akaunti ya Windows inayoitwa "Gérant" au "Réception". Folda ya TEMP inakaa ndani ya folda ya akaunti, na kisakinishi hiki kinashindwa kusoma njia yenye herufi é. Kabla ya kuanza, kwenye dirisha lilelile la amri, andika set TEMP=C:\Temp halafu set TMP=C:\Temp. Kubadilisha jina la akaunti kwenye mipangilio hakusaidii, folda inabaki na jina la siku ya kwanza.

Ukipata 1714 na 1612 pamoja, yaani toleo la zamani limekataa kuondoka na chanzo chake hakionekani, hilo siwezi kuwabebesha watengenezaji. Windows inahifadhi nakala ya kila .msi ndani ya C:\Windows\Installer, folda iliyofichwa, faili zikiwa na majina yasiyosomeka. Fundi anayetafuta nafasi kwenye diski ya GB 120 anaikuta ina GB kadhaa, anafuta. Kila kitu kinaendelea kufanya kazi hadi siku ya sasisho. Tafuta .msi ya toleo lilelile lililomo sasa, jina la faili lisibadilishwe, uendeshe msiexec /fv ukifuatisha njia ya faili. V ndiyo inayorudisha nakala mahali pake. Usipoipata, Microsoft wana zana ya bure ya kurekebisha usakinishaji na uondoaji wa programu, inafuta kumbukumbu za toleo la zamani bila kuhitaji chanzo.

Kuhusu umeme. Ukikatika katikati, mara ijayo utakutana na 1704, kwamba kuna usakinishaji uliosimamishwa. Kubali kurudisha nyuma. Lakini elewa kinachorudi: faili na rejista ambazo Windows Installer iliweka yenyewe. Mabadiliko ambayo skripti ilikwisha kuyafanya kwenye hifadhidata hayarudi, na kisakinishi hiki hakifanyi nakala kabla ya kuanza. Hilo peke yake limewapotezea nyota nzima. Kwa hiyo, kwa mji wenye umeme kama wetu: kompyuta ya mezani iwe kwenye onduleri (UPS), laptopu iwe na betri iliyojaa. Ingia services.msc, simamisha huduma ya hifadhidata, ndipo ukopi folda nzima kwenye flashi. Ukikopi huduma ikiendelea, nakala inaweza kuwa nusu-nusu na hutajua hadi siku utakapoihitaji.

Upakuaji nao: kifurushi kamili ni kama MB 480 na tovuti yao haiendelei palipokatikia, inaanza upya. Pakua mara moja, mahali penye mtandao imara, ugawie mashine zote kwa flashi. Kila mashine, kabla ya kufungua, andika certutil -hashfile sasisho.exe SHA256, ulinganishe mfuatano wa herufi na namba utakaotoka na ule ulio kwenye ukurasa wa kupakulia. Herufi moja ikitofautiana, faili imeharibika njiani, usiijaribu.

Huduma kwa wateja wanajibu WhatsApp haraka na kwa heshima, hilo nawapa. Majibu yenyewe: kwanza "Papa, zima uwashe tena", kisha "tuma picha ya skrini", na picha ya skrini ni 1603. Ukituma logi na mstari wa 1609 umeuzungushia alama, ushauri wao ni kuweka Windows ya Kiingereza. Kwa duka lenye mashine tatu hiyo ni siku nzima ya kufunga mauzo, madereva ya printa kuanza upya na leseni kuomba upya, ili kukwepa neno moja waliloliandika vibaya.

Mwenye mashine za Windows ya Kiingereza aichukue bila wasiwasi. Mwenye za Kifaransa, kabla ya kulipa leseni ya mwaka, amdai muuzaji aweke toleo jipya mbele yake, kwenye mashine ya dukani, halafu auze bidhaa moja na kutoa faktire akiwa ameingia kwa akaunti ya keshia, siyo ya msimamizi.