Kliniki ya mishipa ya fahamu, Upper Hill: daktari anayejua kuuliza

Naisifu kliniki hii kwa maswali ya daktari wake. Mashine ziko kwingi Nairobi.

Mdogo wangu alikuwa akishikwa na hofu ya ghafla, moyo mbio, jasho likimtoka. Tulikotangulia aliandikiwa dawa za wasiwasi tu. Nyumbani wakasema ni jini. Hapa daktari aliuliza: hofu inadumu muda gani? Inaanzia wapi mwilini? Unasikia harufu yoyote? Mdogo wangu akasema inapanda kutoka tumboni, ikija na harufu ya kitu kinachoungua, na haimalizi dakika mbili. Naishi naye na hiyo harufu hakuwahi kunitajia! Daktari akanigeukia: “Dada, wakati huo mdomo wake hufanya nini?” Kweli, huwa anatafunatafuna, na ukimwita haitiki.

Akatueleza kuwa kuna kifafa kisichomwangusha mtu. Huanzia upande wa ubongo ulio karibu na sikio, ndani yake mna amigdala, kisehemu kidogo cha ubongo kinachohusika na hofu, na hiyo ikichokozwa mtu hujaa hofu isiyo na sababu. Akapimwa umeme wa ubongo, kisha MRI, kipimo cha kupiga picha ndani ya ubongo. Picha ikaonyesha kifuko kidogo chenye uvimbe pembeni: lava, yaani mnyoo mchanga, wa tegu, mnyoo wa nguruwe.

Nikamwambia sisi nguruwe hatuli kabisa. Akajibu kwa upole kwamba nyama isiyoiva humpa mlaji mnyoo wa tumboni. Kifuko cha ubongoni hutokana na mayai yanayotoka kwenye choo cha mtu mwenye mnyoo huo, yakakufikia kwa mikono michafu, maji au kachumbari. Maneno haya yangebandikwa kwenye kila kibanda cha chakula mjini.

Alipimwa macho kwanza, akapewa dawa ya kutuliza uvimbe, ndipo albendazole, dawa ya minyoo, kwa kuwa lava akifa uvimbe huzidi. Dawa ya kifafa anaendelea nayo. Analala vizuri sasa, alhamdulillahi.

Mapokezi wajirekebishe. Idhini ya bima inasubiriwa bila mtu kukuambia imefika wapi, na mgonjwa amekaa na njaa.

Daktari mwenyewe alisisitiza kuwa wengi wenye wasiwasi hawana kidonda ubongoni, na tiba yao iko kwa daktari wa akili. Lakini kama hofu humjia mgonjwa wako vilevile kila mara, ikakatika ghafla, asikumbuke vizuri, mlete. Mrekodi kwa simu akishikwa, uje na video hiyo.