LUMiC: kiungo bandia cha nyonga baada ya saratani ya mfupa

Saratani ikikaa kwenye kikombe cha nyonga, pale kichwa cha fupapaja kinapozungukia, hakuna namna ya kukwangua juu juu. Kikombe huondolewa chote pamoja na mfupa unaokizunguka. Eneo hilo wapasuaji huliita P2, kwa mgawanyo wa Enneking na Dunham: P1 ni bawa la juu la mfupa wa nyonga, P3 ni mifupa ya mbele na ya chini, P4 ni sakramu, mfupa ulio chini ya uti wa mgongo. Ikiondoka P2, mguu unakosa pa kuegemea.

LUMiC, inayotengenezwa na kampuni ya implantcast ya Buxtehude, Ujerumani, ndiyo tunayoiweka mbele kwa hali hiyo. Sharti ni moja: sehemu ya nyuma ya bawa, iliyoungana na sakramu, iwe imebaki nzima na imara. Bila hiyo, hakuna pa kuikita.

Ina vipande viwili vikuu. Cha kwanza ni shina linalozama ndani ya mfupa uliobaki, kwa saruji ya mfupa au bila saruji. Cha pili ni kikombe kinachokaa juu ya shina hilo, na maungio yao yana meno kama ya msumeno. Meno hayo ndiyo yanayotuvutia zaidi. Shina hufuata njia ambayo mfupa unairuhusu, kisha kikombe hugeuzwa kivyake hadi kielekee sawasawa, ndipo hukazwa. Kiungo cha tandiko kilichobuniwa Hamburg mwaka 1979 hakikuwa na ushiko huo: kilipanda ukingo wa mfupa uliokatwa, kikaula polepole kuelekea juu, na mguu ukafupika. Viungo vinavyochapishwa kwa printa ya 3D kwa vipimo vya mgonjwa mmoja hukaa vizuri sana, ila vinangojewa, na daktari akilazimika kukata zaidi ya mpango, havilingani tena. LUMiC huja kwa saizi zilizo tayari.

Hatua ngumu ni kutoboa njia ya shina. Juu kidogo ya pindo la neva kuu ya mguu, yaani mbonyeo wa mfupa ambamo neva hiyo hupita, mfupa ni mnene, na hapo ndipo shina linapopita kuelekea nyuma. Kekee ikishuka inaingia kwenye pindo, kando ya neva. Ikienda nje inapasua ukuta mwembamba wa bawa. Kwa hiyo waya wa kuongoza hutangulia, na eksirei hupigwa pande zaidi ya moja kabla ya kupanua tundu. Kikombe cha majaribio kikishawekwa, paja hukunjwa nyuzi 90 na kuzungushwa kwa ndani. Kichwa kikianza kuinuka ukingoni, uelekeo urekebishwe hapo hapo. Ukiuacha, mgonjwa atatenguka akiinuka kitini, kwa kuwa misuli iliyokuwa ikikishika kichwa imekatwa pamoja na uvimbe.

Dosari zake si ndogo. Ripoti ya mwaka 2017 iliyofuatilia wagonjwa 47 ilionyesha nyonga kutenguka kwa zaidi ya mmoja kati ya watano, na maambukizi kwa zaidi ya robo. Kutenguka kulikuwa haba zaidi kwa waliowekewa kikombe chenye mzunguko wa aina mbili: kichwa kidogo kinabanwa ndani ya mpira wa plastiki ngumu, na mpira huo nao unazunguka ndani ya chuma kilichosuguliwa. Hadi kichwa kiruke nje, lazima kisafiri mbali. Sisi tusingekubali kikombe cha kawaida hapa.

Maambukizi yanasumbua zaidi. Uwazi mkubwa unabaki, damu inajaa humo, na utumbo na kibofu viko jirani. Upasuaji ukirefuka na damu ikimwagika nyingi, hatari inapanda. Kikombe kilichopakwa madini ya fedha kinapatikana, lakini hakichukui nafasi ya kuziba uwazi kwa msuli hai na kuacha mirija ya kutoa damu. Kabla ya kutia sahihi, muulize daktari ni msuli upi atakaotumia.

Aliyekwisha kupigwa mionzi, ngozi ikawa ngumu, tungemshauri asiwekewe chuma kabisa. Fupapaja hupandishwa, likafungwa kwa mfuko wa kitambaa cha upasuaji kwenye mfupa uliobaki. Mguu unafupika sentimita kadhaa, na kiatu cha soli nene kinafidia.