Kibano cha segma: kipi ununue, kipi uchongeshe

Segma ni zile pete za chuma zinazozunguka pistoni, na kibano huzibana ili ziingie ndani ya silinda. Moja ikivunjika wakati wa kurudisha pistoni, utanunua seti nzima, na mara nyingi anayelipa ni fundi mwenyewe. Mimi nimelipa mara mbili hapa Goma, zote kwa ajili ya kibano kibovu na nyundo yenye haraka. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize ni moteri gani unayoifungua zaidi.

Kwangu namba moja ni koni. Ni bomba fupi la chuma, juu pana, chini sawa kabisa na silinda. Unaikalisha juu ya bloku, unapaka mafuta, unasukuma pistoni kwa mpini wa mbao, na segma zinajibana zenyewe zikishuka. Haina skrubu wala ufunguo. Ya dukani huja na kipimo kimoja tu, na hapo ndipo watu wananaswa: koni ya milimita 94, ile ya 1HZ, moteri ya dizeli ya Land Cruiser, haipitishi pistoni ya 0.50, yaani iliyozidi ya kawaida kwa nusu milimita, baada ya silinda kuchongwa upya. Pistoni yenyewe inakwama mdomoni. Unahitaji koni ya standadi (kipimo cha kiwandani), nyingine ya 0.50, nyingine ya 1.00, na pesa inaisha hapo.

Ndiyo maana sinunui. Natafuta shemizi (bomba la ndani la silinda) ya zamani, nene, yenye tundu dogo kuliko kipimo changu, naipeleka kwa fundi wa kukereza. Kwa 1HZ ya standadi namwagiza urefu wa milimita 60 hadi 70, tundu la juu 100, la chini 94 kamili. Ndani asugue kwa msasa laini mpaka ukucha usishike popote. Ukingo wa chini aukate wima, asiuzungushe hata kidogo: uwazi wowote kati ya koni na bloku, segma itatokea hapo.

Namba mbili ni mkanda wa bati la springi unaokazwa kwa ufunguo, ule utakaoonyeshwa kwanza ukienda Birere, mtaa wa biashara hapa Goma. Mmoja unatosha vipimo vingi, na kwa garaji inayopokea kila aina ya gari huo ndio ununue. Ila usiulipie ukiwa bado ndani ya karatasi. Ukaze mpaka ukaribie ukubwa wa pistoni yako, uusimamishe mezani: ukingo wa chini ukicheza, rudisha. Kisha uuache umekazwa dakika chache uone kama kufuli inateleza. Kazini, ugongegonge taratibu kuzunguka ili ulale sawa juu ya bloku. Pistoni ikigoma, acha hapo hapo. Kuna segma imechungulia, mara nyingi zile nyembamba za mafuta, na pigo moja zaidi linaivunja.

Koleo yenye mikanda ya kubadilisha inafanya kazi haraka, lakini kila mkanda una mipaka yake ya vipimo. Kama hufungui moteri kila wiki, ipite.

Mwisho kabisa ni bati la kopo la maziwa na kolye, ile pete ya kukazia mpira wa radiata. Kwenye gari ni dawa ya dharura tu, kwa sababu pale bati linapopandana panabaki ngazi, na segma hujikwaa hapo.

Kwenye pikipiki orodha yangu inapinduka. Silinda ndiyo inayoshuka juu ya pistoni, kwa hiyo koni au kibano chochote kisichofunguka kitabaki kimefungwa kwenye bielle, mkono unaoshika pistoni. Hapo kipande cha bati na kolye kinashinda vyote: silinda ikishameza segma, unalegeza na kukichomoa pembeni. Pistoni ya Boxer 100 ina milimita 53 tu, na kama mdomo wa chini wa silinda umechongwa mteremko, mafuta na vidole viwili vinatosha.