DeepLabCut: programu inayokiona kichwa cha panya kwenye njia panda

Kwa miaka mingi, programu za kufuatilia wanyama kwenye video zilimgeuza panya kuwa doa moja linalosogea. Doa hilo lilitosha kwa bwawa la mwanasayansi wa ubongo Richard Morris, lililoelezwa mwaka 1981, ambamo panya huogelea akitafuta jukwaa lililofichwa chini ya uso wa maji. Halikutosha kwenye mzingile wenye umbo la T, ambako panya hufika njia panda, akasimama, akageuza kichwa kushoto, akakirudisha kulia, ndipo akachagua. Mwanasaikolojia Edward Tolman aliuona uzito wa kusita huko tangu miaka ya 1930, ila kukuhesabu kulihitaji jicho la mtu na subira isiyo ya kawaida.

DeepLabCut, iliyochapishwa mwaka 2018, hukifuata kichwa hicho bila mnyama kubandikwa alama yoyote. Mtumiaji huchagua fremu (picha moja moja za video) chache, akabofya pua, masikio na shina la mkia; kisha mtandao wa neva wa kompyuta, uliokwisha kufunzwa kwa picha za vitu vya kawaida, hujifunza kuviona viungo hivyo katika fremu zilizobaki. Waundaji wake walionyesha kwamba fremu 200 hivi zaweza kutosha kuufikia usahihi wa binadamu, na kwa hilo naisifu bila kusita.

Ni ya bure na msimbo wake uko wazi, lakini bila kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro, mafunzo huenda kwa mwendo wa kobe. Aidha, mtandao uliofunzwa kwa mwanga wa chumba kimoja unaweza kukosea katika chumba kingine. Kila nukta ambayo programu inaiweka kwenye kiungo huja na kiwango chake cha uhakika, na asiyekikagua asishangae kukuta pua imerukia mkiani.

Jambo moja haidai kulifanya, ingawa wapo wanaolitarajia: kutafsiri. Hutoa tu namba za mahali ilipo kila nukta kwenye fremu. Panya anayezunguka bwawa kwa umbali uleule kutoka ukutani anaweza kulifikia jukwaa upesi bila kukumbuka lilipo, na kumtenganisha na anayekwenda moja kwa moja ni kazi ya uchambuzi mwingine. Kwa maabara inayopima sekunde za bwawani pekee, doa la zamani bado linafaa; kwa wanaochunguza kusita kwa njia panda, ningeipendekeza hata ingekuwa ya kulipia.