Sampuli ya bunduki ya vishale vya sponji: springi haina kosa

Karibuni, watazamaji. Mezani leo kuna sampuli ya bunduki ya kuchezea, ile ya vishale vya sponji. Mwili umechapwa kwa printa ya 3D, mtutu ni bomba la maji. Kishale kikianguka karibu, wengi hukimbilia kununua springi ngumu zaidi. Jamani, angalieni hewa kwanza.

Tazameni hapa. Naziba mdomo wa mtutu kwa kidole, naachia pistoni. Mmeona inavyoshuka taratibu, kama pampu ya baiskeli iliyozibwa? Basi oringi, ile pete ya mpira kwenye mfereji wa pistoni, imekaa. Pistoni ikigonga mwisho "ta!", hewa inapita pembeni. Zungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba mara moja au mbili ndani ya mfereji, chini ya oringi, siyo juu yake. Ukizidisha, pistoni inakaza na nguvu yote ya springi inaliwa na msuguano. Paka grisi ya silikoni, kidogo tu. Ile ya magari huvimbisha baadhi ya mipira. Na kwa upepo huu wa Dodoma, futa silinda kila mara: punje moja ya mchanga chini ya oringi inatosha kuchora mkwaruzo wa kupitisha hewa.

Mtutu nimeupenda sana. Ni bomba la plastiki la PPR la milimita 20 kwa nje, aina ya PN20 (daraja la kuhimili presha), tundu lake milimita 13.2. Kishale kina milimita 13 hivi, kinaingia kwa kusukumwa na kidole. PN16 ina tundu la 14.4, humo kishale kinacheza tu. Kwa nje zinalingana, kwa hiyo pale hadiwea soma maandishi ya kwenye bomba kabla hujatoa hela.

Sasa vipimo. Mtutu wa sentimita 20 una ujazo wa sentimita za ujazo 27. Silinda ya milimita 29 kwa ndani, pistoni ikitembea sentimita 12, inasukuma 79, karibu mara tatu. Panafaa hapo. Ukiurefusha mtutu mno, hewa inaishiwa nguvu huku kishale bado kinasugua ndani.

Ubovu uko kwenye ndoana inayoshika pistoni. Nasogeza kamera: huu mstari mweupe ni ufa. Ilichapwa imesimama, springi inavuta tabaka ziachane. Ichapwe imelala, kuta nne, ndani ijae kabisa, na iwe ya plastiki ya PETG. PLA, plastiki nyingine ya kuchapia, hulainika kwenye nyuzi 60 hivi, na gari lililofungwa juani hufika huko.

Kufyatua bila kishale nako kunaivunja ndoana, maana hakuna hewa ya kupunguza kishindo. Kata duara la kandambili, toboa katikati hewa ipite, bandika mwisho wa silinda.

Mdomo ubaki rangi ya chungwa, msiupake rangi nyeusi, na mchezaji avae miwani. Mtutu na silinda navipa alama zote. Ndoana irudi kuchorwa upya kabla mtoto hajakabidhiwa.