Frankenstein kwa Kifaransa, nimekisoma Goma: uzoefu wangu

Kitabu ni Frankenstein cha Mary Shelley, tafsiri ya Kifaransa, toleo la mfukoni lililokwisha kupita mikononi mwa wengi. Nilikinunua kwa mzee anayetandaza vitabu vya mitumba pembeni ya barabara, upande wa Birere. Alianza na dola tano, tukaishia kwenye tatu na faranga kidogo. "Mwanangu, hicho cha majini," akanionya huku akihesabu. "Papa, ni cha shule," nikamjibu, akacheka. Nasoma lugha na fasihi, na prof alikuwa ametupa orodha ya riwaya za Gothiki, yaani za kutisha, za Ulaya, kila mmoja achague yake. Nilichagua hii kwa kuwa ndiyo iliyopatikana mjini. Nimekwisha kuimaliza, na nasema bila kuzunguka: pesa yangu haikupotea. Lakini zipo kurasa zitakazokuchosha, na kuna kitu cha kuangalia kabla hujalipa.

Kwanza jalada, maana linadanganya. Changu kina ule uso wa kichwa bapa wenye vyuma shingoni, uso uliotengenezwa Hollywood kwa ajili ya filamu ya 1931. Ndani ya kitabu kiumbe, yaani mtu aliyetengenezwa na mwanafunzi Victor Frankenstein, ana ngozi ya manjano iliyobana misuli, nywele nyeusi ndefu zinazong'aa, meno meupe, midomo myeusi, na urefu wa karibu mita mbili na nusu. Hana hata jina. Anakula matunda ya porini na mizizi. Wala usitarajie radi ikipiga mashine: kazi ya kumpa uhai inapita kwa mistari michache, usiku mmoja wa Novemba, na Victor Frankenstein anakataa katakata kueleza alivyofanya. Anayetafuta filamu atarudisha kitabu kesho yake.

Ngome nayo hamna. Tangu mwandishi Mwingereza Horace Walpole alipoanzisha mtindo huu wa Gothiki mwaka 1764, msomaji amezoea kasri la kale, mlango unaolia na binti aliyefungiwa. Hapa mambo yote mabaya yanaanzia kwenye chumba cha mwanafunzi, ghorofani, Ingolstadt, mji wa chuo huko Ujerumani. Victor ameondoka Geneva akiwa na miaka 17, hajibu barua za nyumbani, halali, hali. Profesa Krempe anamwambia mbele ya uso wake kwamba kila dakika aliyotumia kusoma vitabu vyake vya zamani imepotea bure. Nilicheka peke yangu, maana kila chuo kina Krempe wake.

Mtu wa Goma ana njia yake ya kuingia katika kitabu hiki, na sikuona mtu akiitaja. Aprili 1815 mlima Tambora, katika kisiwa cha Sumbawa huko Indonesia, ulilipuka kwa nguvu kubwa mno. Majivu na gesi ya salfa vikapanda juu sana, vikaenea duniani, vikapunguza joto la jua. Mwaka uliofuata Ulaya haikuona kiangazi. Ilikuwa mvua na baridi, mazao yakaharibika, na Uswisi watu wakalala njaa. Juni ya 1816 Mary, msichana wa miaka 18, alikuwa kando ya ziwa la Geneva pamoja na mshairi Percy Shelley, aliyekuja kuwa mumewe, na wenzao. Mvua ikawafungia katika nyumba aliyopanga mshairi Byron, Villa Diodati. Wakasomeana hadithi za mizimu, kisha Byron akasema kila mmoja atunge ya kwake. Ya Mary ndiyo ikawa kitabu hiki. Hakuna hata mmoja mle ndani aliyejua kwamba hali ile ya hewa ilitokana na volkano ya upande wa pili wa dunia.

Sisi volkano tunaiona tukifungua dirisha. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilikata mji katikati mpaka ikaingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, ikashuka tena na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Siku chache baadaye tukaamriwa kuhama, na wengi tukashika njia ya Sake, magodoro kichwani. Nyumba yetu imekaa juu ya mawe ya 2002. Tunayo na mazuku, hewa inayolala mabondeni na kuua mbuzi alfajiri bila kelele. Kwa hiyo msomaji wa hapa hatishiki kwa mlango unaolia. Ile dhoruba juu ya ziwa, Victor akiwa ndani ya mtumbwi, na muda mfupi baadaye umeme wa radi unamwonyesha kiumbe amesimama kati ya miti, niliisoma polepole. Anayeijua Kivu inapochafuka usiku haambiwi mara mbili.

Sasa nije kwenye sehemu iliyonifanya niandike haya.

Katikati ya kitabu kiumbe mwenyewe anapewa nafasi ya kusema. Katika matoleo mengi ni sura ya 11 hadi ya 16, na hata kama hutasoma kitu kingine, soma hizo. Wanakijiji wamempiga mawe, amekimbilia kwenye kibanda kilichoegemea nyumba ya familia maskini huko Ujerumani. Kupitia ufa wa ukuta anawaona: mzee kipofu De Lacey, mwanawe Felix na binti yake Agatha. Hawa ni Wafaransa waliofukuzwa kwao. Anasikiliza, anaanza kuokota maneno: moto, maziwa, mkate, kuni. Lugha anayoiokota pale ukutani, basi, ni Kifaransa. Baadaye anafika Safie, binti wa mfanyabiashara Mturuki, naye hakijui. Felix anamfundisha, na kiumbe anafuata somo lilelile kutoka nje, tena anajisifu kwamba anamshinda yule binti. Aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa deni la minervali, ile ada ya shule, akajibanza dirishani ili somo lisimpite, ataelewa furaha hiyo ya wizi.

Kwetu nyumbani ni Kiswahili. Kwa bibi, upande wa mama, ni Kinande. Kifaransa nilikikuta darasani, nikakipata kwa kuwasikiliza waliokitangulia na kurudia kimoyomoyo kabla ya kuthubutu kufungua mdomo. Kwa hiyo nilipoona mpango wa kiumbe niliujua tangu mbali: kwanza nijifunze kusema vizuri, halafu ndiyo nijitokeze. Nikisema vizuri watasahau sura yangu. Anasubiri wote watoke, anaingia kwa yule mzee asiyeona, anazungumza kwa adabu. Mzee, kwa kusikia lugha tu, anamuuliza kama ni Mfaransa mwenzake! Anajibu hapana, ila nimelelewa na familia ya Kifaransa, na hii ndiyo lugha pekee ninayoielewa. Kwa muda mfupi mambo yanakwenda sawa. Kisha Felix anafungua mlango, anaona, anachukua fimbo.

Niliwahi kumsindikiza binamu yangu kwenye usaili wa kazi katika ofisi fulani hapa mjini. Kwenye simu walimpenda sana, Kifaransa chake ni cha kupigiwa makofi. Tulipofika, walimtazama viatu. Sitaongeza neno.

Na hapa nina hoja ambayo nilimpelekea prof. Wanafunzi wa fasihi tunaambiwa kila mara kwamba ukisoma tafsiri umekosa kitu, na mimi naikubali kwa vitabu vingi. Kwa hiki sina uhakika hata kidogo. Ndani ya hadithi kiumbe hajui Kiingereza. Victor ni mtu wa Geneva, na wanapokutana juu ya barafu za Alpi wanaongea Kifaransa. Anayeandika yote kwa Kiingereza ni Walton, nahodha aliyemwokota Victor kaskazini kabisa, kwenye barafu ya bahari, akamwandikia dada yake barua. Kwa hiyo anayesoma sura hizo kwa Kifaransa anasikia maombi ya kiumbe katika lugha aliyoyaombea. Prof alinyamaza kidogo, akaandika kitu pembeni ya daftari lake. Sijui aliandika nini, lakini alama zilikuwa nzuri.

Jioni umeme ukikatika nilikuwa nawasimulia wadogo zangu sura nilizosoma, mama akichambua maharage kwa tochi ya simu. Mdogo wangu akauliza, "Yaya, sasa kwa nini alimkimbia, na ni yeye aliyemtengeneza?" Mama akawahi: "Ni kijana aliyekana mimba, basi. Hapa mtaani wako wangapi?" Nimesoma maelezo marefu ya wataalamu mwishoni mwa kitabu, hayakulisema hilo kwa ufupi huo. Mary alizaliwa Agosti 1797, na mama yake, Mary Wollstonecraft, akafariki siku chache baada ya kujifungua. Mwaka 1815 yeye mwenyewe alizaa binti kabla ya wakati, mtoto hakuishi. Mwandishi aliyetoka humo anaandika kuhusu mwanaume anayetengeneza mtu bila mwanamke, kisha anatoka mbio mtoto anapofumbua macho. Ukiyajua hayo, ile hofu ya Victor chumbani haisomeki tena kama hofu ya mzimu.

Sasa lawama. Barua za Walton mwanzoni ni nzito, ila usiziruke, maana uamuzi wake mwishoni, kuendelea au kugeuza meli, hauna maana bila hizo. Maelezo ya milima ya Uswisi yanajirudia. Victor anazimia kupita kiasi. Kila jambo gumu likija anapata homa, analala miezi, anaamka akilalamika kwamba hakuna mtu duniani aliyeteseka kama yeye. Justine, mfanyakazi wa nyumbani kwao, ananyongwa kwa mauaji ya mdogo wa Victor, ambayo hakuyafanya, ushahidi ukiwa picha ndogo iliyokutwa mfukoni mwake. Padri anambana mpaka anakiri uongo. Victor anajua ukweli, anakaa kimya kwa sababu eti wangemwona kichaa. Katika mji ambao mtu anaweza kuitiwa "mwizi" na umati ukakusanyika kabla hajajitetea, kurasa hizo zinauma vingine.

Na Elizabeth, mchumba wa Victor! Kiumbe amesema wazi kwamba atakuja usiku wa harusi. Amekwisha kumnyang'anya Victor mdogo wake na rafiki yake, yaani anawaua wale anaowapenda. Victor anaamua kwamba anayewindwa ni yeye, anazunguka nyumba ya wageni na bastola, na mke anatumwa akalale peke yake. Nilimwambia mdogo wangu kitakachotokea kabla ya kugeuza ukurasa. Wanawake wa kitabu hiki, kazi yao ni kuwa wema na kufa. Kwa binti wa mama aliyeandika kutetea haki za wanawake, nilitarajia zaidi.

Kile kitu cha kuangalia kabla ya kulipa ni hiki. Kuna Frankenstein mbili. Ya kwanza ilitoka London Januari 1818 bila jina la mwandishi, na tafsiri ya Kifaransa ikafuata Paris mwaka 1821. Ya pili ni ile aliyoirekebisha mwenyewe mwaka 1831, akaongeza utangulizi unaosimulia ule mkutano wa Geneva. Wachapishaji wengine hawasemi wametumia ipi. Fungua sura za mwanzo utafute Elizabeth: akiwa binamu wa Victor, umeshika ya 1818. Akiwa yatima aliyekutwa Italia kwa watu maskini, ni ya 1831. Changu ni cha 1831. Tofauti si ndogo, kwa sababu mwaka 1831 Victor anasukumwa zaidi na majaaliwa, na mtu aliyesukumwa na majaaliwa halaumiki. Nililinganisha na ile ya zamani, ambayo kwa Kiingereza inapatikana bure mtandaoni kwa anayemudu megabaiti, na nikaipenda zaidi. Mle makosa ni yake.

Kuhusu toleo lenyewe, herufi ni ndogo, gundi ya mgongo imechoka, karatasi za katikati zinatoka ukizifungua kwa nguvu. Maelezo yamewekwa mwishoni badala ya chini ya ukurasa, kwa hiyo unasoma ukiwa na kidole kwenye sehemu mbili, na kwa tochi hiyo ni adhabu. Tafsiri ni nyoofu, ina ule wakati uliopita wa vitabuni ambao hakuna anayeuongea Goma, lakini utauzoea.

Nakipa nne kati ya tano. Ile moja nimeizuia kwa ajili ya Elizabeth na Justine. Anayekitaka changu asubiri, maana mama amekichukua na ameanzia sura ya 11, kwa kuwa nilimwambia hapo ndipo mtoto anaposema.