Lodiseli mbili, jua moja la Mwaloni: ipi inabaki na uzito wake?

Tazameni hicho kioo cha mizani. Juu ya sahani hakuna kitu, hata dagaa mmoja, na inasoma gramu 350. Saa moja asubuhi ilikuwa sifuri safi. Mimi sijaigusa. Aliyeigusa ni jua.

Mwangaluka, karibuni. Leo nipo Kirumba, Mwanza, hapa soko la samaki la Mwaloni, na hizo kelele nyuma yangu ni vijana wanapakia magunia, mtanivumilia. Nimeulizwa sana: fundi, lodiseli ya mizani ya jukwaa, kile kipande cha ndani kinachohisi uzito, ikifa, ninunue ipi? Basi nimenunua mbili kwa hela yangu mwenyewe. Zote za kilo 150, zote mwili wa alumini, nimezifunga kwenye mizani mbili zinazofanana, zinasoma kwa hatua za gramu 50. Hii yenye utepe mwekundu ni ya bei rahisi, na boksi lake linajisifu kwa unyeti mkubwa. Yenye utepe wa bluu ilinitoka karibu mara tatu ya hiyo.

Aliyenisukuma kwenye jambo hili ni mama mmoja mnunuzi wa dagaa. Alinipigia simu: "Fundi, mizani uliyonitengenezea inanila. Asubuhi tunaelewana, mchana inanigombanisha na watu." Nikaja, nikampa shikamoo yake, nikakuta mizani ameifunika kanga kama mtoto aliyelala. Dawa alishaijua kabla yangu. Mimi ndiye nilikuwa sijajua ugonjwa.

Haya, sogeza kamera. Hii nyekundu nimeifungua. Kipande cha alumini, katikati kimetobolewa tundu lenye umbo la miwani. Nikibandua hii gundi nyeupe, mnaona vijikaratasi vya kahawia? Viko vinne. Hizo ndizo streni geji, vihisi vya kupima chuma kimevutika kiasi gani. Juu ya kila kimoja kuna uzi wa chuma unaokwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama shamba lililolimwa kwa plau ya ng'ombe. Unene wake ni mikroni chache tu, yaani sehemu chache za elfu za milimita. Unywele wa kichwa chako una kama 70.

Gunia likikaa juu, alumini inapinda kiasi ambacho jicho halioni, uzi unavutika, ukinzani wake, yaani jinsi unavyouzuia umeme kupita, unapanda. Sasa sikilizeni hizi hesabu, maana mengine yote yanatoka hapa. Ukinzani tunaupima kwa omu, na geji ni omu 350. Mzigo kamili, kilo 150 zote, unaibadilisha kwa takriban omu 0.7. Basi. Gunia zima na jasho la wavuvi limo ndani ya sehemu hiyo ya omu moja.

Tuseme uzi ungekuwa wa shaba tupu. Shaba ikipata joto nyuzi moja ya Selsiasi, omu 350 zinapanda kwa karibu omu 1.4. Mara mbili ya mzigo kamili! Wingu likipita juu ya Mwaloni, geji ya shaba ingesema umeshusha kilo 300 ambazo hukuwahi kuzipandisha.

Ndiyo maana kuna aloi, metali zilizochanganywa. Inayotumika zaidi ni konstantani, shaba 55 kwa mia na nikeli 45. Aliyeitoa ni Edward Weston, miaka ya 1880, na wala hakuwa anawaza mizani. Alitaka waya wa mita za umeme usioyumba kwa joto. Geji za kubandika zenyewe zilikuja 1938 kule Marekani, Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kivyake bila kujua mwenzake anafanya nini.

Sasa hilo neno unyeti kwenye boksi. Uvute uzi kwa sehemu moja ya elfu, uulize ukinzani umepanda sehemu ngapi za elfu. Konstantani inakupa kama mbili. Kuna aloi ya chuma, nikeli na kromi inaitwa isoelastiki, inakupa tatu na nusu hivi. Platini na tangsteni inavuka nne. Ukiishia hapo utasema konstantani ni ya maskini. Lakini isoelastiki joto inalisikia vibaya sana, kwa hiyo wanaoijua wanaipeleka kwenye mitetemo, vitu vinavyopita kabla joto halijabadilika. Gunia la dagaa halipiti. Linakaa pale juu mnabishana bei hadi chai inapoa.

Sisemi nyekundu ni isoelastiki. Karatasi yake haitaji aloi kabisa, na hapo ndipo nilipoanza kuitilia shaka. Tena bodi za umeme za mizani za siku hizi zinasoma vipande vidogo mno vya milivolti. Unyeti sio tunachokosa.

Bluu imetaja aloi yake: Karma. Nikeli kama 74 kwa mia, kromi 20, kinachobaki alumini na chuma. Unyeti wake hauipiti konstantani kwa kitu cha kutangaza. Uzuri wake uko kwingine. Alumini ikipata joto inalegea. Nyuzi 20 zikiongezeka, inapinda zaidi kwa karibu sehemu moja ya mia kwa mzigo uleule. Kilo 100 zinataka kusomeka 101. Na hili, wapendwa, kitufe cha sifuri hakikusaidii, kwa sababu sahani ikiwa tupu sifuri inakaa vizuri kabisa. Wizi unaanza gunia likipanda.

Karma yenyewe, joto likipanda, unyeti wake unashuka kidogo. Kiwandani wanaipika kwa joto maalumu hadi ule ushukaji ulingane na ulegeaji wa alumini. Mwili umelegea, geji imepunguza sauti, namba inabaki ilipo. Konstantani inafanya kinyume, inapandisha kidogo, kwa hiyo mtengenezaji makini anaiongezea pembeni vikinza, vipande vya kuzuia umeme, vya kufidia hiyo tofauti. Asiye makini haongezi.

Twende kwenye mawe. Matano ya kilo 20. Asubuhi sahani ilikuwa nyuzi 27, zote mbili zikasema 100 kamili. Sasa ni saa nane mchana, sahani nyuzi 49. Nazirudisha kwanza sifuri zote. Nyekundu... kilo 100 na gramu 400. Bluu... 100 na gramu 50, inachezacheza, imerudi 100. Na kabla ya kuirudisha sifuri, bluu ilikuwa imehama hatua moja tu.

Jambo jingine nimeliona hapa kwa bahati. Geji nne zimeunganishwa kwa umeme kwa mpango unaoitwa daraja, mbili zinavutwa, mbili zinabanwa, ili joto likizipata sawa lijifute lenyewe. Sharti ni hilo: sawa. Mchana jua la hapa linatoka upande wa ziwa, linachoma ubavu mmoja. Nilipoigeuza nyekundu nusu duara, baada ya robo saa zile gramu 350 zilikuwa zimeshuka hadi 150. Kwa hiyo mama na kanga yake alikuwa sahihi kuliko fundi wake.

Ubaya wa bluu upo. Karma haishiki risasi ya kuchomea kirahisi. Waya ukikatika ndani kwenye geji, usihangaike, nunua nyingine. Waya wake wa nje pia ni mfupi, nimelazimika kuunga. Na bei mmeisikia. Halafu mkumbuke, ukishavunja lakiri, mizani inarudi Wakala wa Vipimo kuhakikiwa kabla hujauzia mtu nayo hata kilo moja.

Bluu inabaki hapa kwa mama. Nimempunguzia ufundi, maana deni la dagaa alizopunjika siwezi kulilipa. Nyekundu sijaitupa, inakwenda Nyakato kwa jirani yangu mwenye mashine ya kusaga. Mizani yake inakaa ndani, kivulini kutwa. Nimemwambia tu asije akaitoa barazani.